Mstari wa Tisa

Barua ilifika Jumatatu, tarehe tatu Juni 1985, katika sanduku la posta la kampuni, na Tata Mulumba aliisoma mara tatu kabla hajakumbuka kuketi. Mara ya kwanza aliisoma mbiombio, akitafuta neno moja tu la kumfurahisha. Mara ya pili alivaa miwani. Mara ya tatu alikuwa ameshaelewa, na alisoma kwa sababu macho yalikataa kutoka kwenye karatasi.

Bahasha ilikuwa na jina la binti yake, Bilonda, si lake. Lakini kuheshimu bahasha za watu ilikuwa tabia aliyokwisha kuiacha siku nyingi. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amepiga chapa katika ofisi ya wafanyakazi, na mjini Kolwezi ilikuwa vigumu kupata barua ya maombi ya kazi ambayo haikupita mikononi mwake. Mtu alikuja na demande yake ameiandika kwa mkono, imejaa ukweli wa bure: kwamba ana watoto saba, kwamba mama yake anaumwa, kwamba anapenda kazi ya bustani. Tata Mulumba aliisoma, akatikisa kichwa kwa huruma, akaitengeneza. Bustani iliondoka, mashine zikaingia. Watoto saba wakawa "uzoefu wa kuongoza watu". Naye mtu huyo aliajiriwa. Kuanzia karakana hadi shimo la mgodi la Mashamba walikuwako wanaume waliokula ugali kwa sababu ya vidole vyake, na walipokutana naye njiani waliinamisha vichwa. Jina lake la ubatizo, Barnabé, lilipigwa marufuku na serikali pamoja na majina mengine ya Kizungu, lakini heshima hiyo hakuna aliyeipiga marufuku.

Sasa mbele yake palikuwa na barua kutoka chuo kikuu kimoja cha Ubelgiji, na barua hiyo ilisema hapana.

Ingesema hapana tu, angevumilia. Ilieleza. Profesa aliyeandika alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ndiyo iliyomchoma Tata Mulumba hadi kwenye mfupa. Alisema kwamba kamati ilisoma kwa mshangao mzuri mémoire, tasnifu aliyoiandika Bilonda chuoni Lubumbashi, juu ya wanawake wanaouza unga. Lakini katika fomu ya maombi ya udaktari wa uchumi, mwombaji alisema anataka kuchunguza bei ya shaba katika soko la dunia. Kwa shaba, kamati ilikuwa na waombaji wengi wenye hesabu kali kuliko yeye, na profesa wa migodi alikuwa anastaafu. Kulikuwa na nafasi nyingine moja, pamoja na msaada wa masomo, kwa mtu wa biashara ya chakula, nayo bado haijapata mtu. Kamati ingeijadili tena tarehe ishirini na moja Juni. "Inasikitisha," aliandika profesa, "kwamba mwombaji hakupendezwa na uwanja huo. Hatuwezi kumpa mtu kitu ambacho hakukiomba."

Mwombaji alikuwa amekiomba. Tata Mulumba ndiye aliyekifuta.

Ilikuwa Januari. Bilonda alimwachia fomu aipige chapa, akaenda Nzilo kumtazama dada yake mkubwa aliyejifungua. Alikuwa ameijaza kwa penseli, kwa mwandiko wake mdogo uliolala upande. Mstari wa tisa uliuliza mwombaji anataka kufanya utafiti katika uwanja gani. Naye aliandika: biashara ya chakula ya wanawake, na jinsi bei ya unga inavyokwenda katika mitaa ya wafanyakazi wa migodi.

Tata Mulumba aliposoma hapo uso ulimwaka. Binti yake, mwenye licence ya chuo kikuu, aliyesomeshwa kwa jasho, anakwenda kuwasimulia Wazungu habari za kopo la mama yake! Maana ni kopo hilohilo. Ntumba, mke wake, aliuza unga na karanga sokoni, na kwa miaka mitatu Bilonda alisimama kando yake na daftari, akiandika. Aligundua kwamba wanawake hawakupandisha bei kabla ya siku ya mshahara, waume za watu wakiwa wamekaukiwa. Bei ilibaki palepale. Kilichobadilika ni kopo: siku nyingine lilijazwa hadi likafanya kilima, siku nyingine mkono ulipita juu ukalisawazisha, na siku mbaya lilitolewa kopo lingine, ambalo kitako chake kiligongwa kwa nyundo kikaingia ndani. Serikali iliandika kwamba unga haukupanda. Tumbo lilijua umepanda. Bilonda alipima yote hayo, siku kwa siku, akajaza madaftari kumi na moja.

Na baba yake, mtu mwenye akili zake timamu, aliona hayo ni mambo ya jikoni. Kolwezi ni shaba. Wazungu walikuja hapa kwa ajili ya shaba, wakajenga reli kwa ajili ya shaba, wakamtoa baba yake yeye Mulumba huko Kasai kwa ajili ya shaba. Mtu wa Kolwezi awaandikie nini kingine? Akaweka karatasi kwenye mashine, na kaboni nyuma yake, na kwenye mstari wa tisa akapiga: uchumi wa migodi, bei ya shaba. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, kwamba hata sasa hakuweza kujilaumu kwa uovu, ila kwa mapenzi tu.

Aliikunja barua akaitia mfuko wa ndani wa koti. Katika mfuko wa nje mlikuwa na karanga ambazo Ntumba alimfungia kila asubuhi katika pembe ya karatasi. Alizila zote bila kuhisi ladha, akaisukuma karatasi mfukoni.

Hesabu ilikuwa rahisi na ya kutisha. Msaada ule wa masomo haukutolewa kwa mtu aliyetimiza miaka thelathini, na Bilonda angetimiza thelathini Novemba. Mwaka ujao haukuwepo. Barua ya posta ilichukua wiki tatu kufika Ulaya, ikiwa ilifika. Siku zilizobaki zilikuwa kumi na nane. Angeweza kunyamaza, akasema hakuna jibu lililokuja, na Bilonda angelaumu posta kama watu wote, angeendelea kufundisha pale lycée, shule ya sekondari, hadi azeeke. Wazo hilo lilikaa naye usiku kucha. Asubuhi alilionea haya.

Jumanne alikwenda kwa Kalenga, mwenye kuendesha mashine ya telex ya kampuni. Kalenga alimsikiliza, akamwambia telex zote zinasomwa na mkurugenzi, kwamba mashine ile husema habari za shaba na vipuri, na kwamba yeye ana mke na hataki kumwaga unga. Tata Mulumba hakumkumbusha ni nani aliyeitengeneza demande yake mwaka wa sabini na nne. Alisimama tu mlangoni. Akarudi Jumanne hiyohiyo mchana, akasimama tena. Jumatano asubuhi akamkuta Kalenga amekasirika, na hasira hiyo ikampa matumaini.

"Maneno ngapi?" Kalenga akauliza.

"Kidogo tu, mwanangu."

Walituma maneno ishirini kwa jina la Bilonda, yamebanwa kati ya telex mbili za vipuri: mwombaji anaomba uwanja wake ubadilishwe, uwe biashara ya chakula, tafadhali jibuni kwa njia hii. Halafu Tata Mulumba akaenda zake. Usiku huo na uliofuata hakulala. Ntumba alimwuliza kama ni tumbo, naye akakubali kwamba ni tumbo.

Ijumaa Kalenga alikuja mwenyewe hadi mezani kwake, akaweka ukanda wa karatasi. Kamati imekubali kuliangalia tena ombi. Mwombaji alete kabla ya tarehe ishirini na moja vitu viwili: madaftari ya bei yaliyotajwa katika mémoire yake, na barua iliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, ieleze kwa nini alibadilisha uwanja.

Tata Mulumba aliketi akafunika uso kwa viganja vyote viwili, akalia kwa furaha, mzee mzima, mbele ya picha ya Rais. Sista Laurentine wa misheni alikuwa anaondoka Jumanne kwenda likizo Ubelgiji. Angebeba kila kitu mkononi. Iliwezekana. Lililobaki lilikuwa dogo, na ndilo lililomshinda kwa siku tano: kumwambia Bilonda.

Alimkuta uani alasiri, amejifunika kitenge mabegani kwa baridi ya Juni, anasahihisha mitihani. Mama yake alikuwa kando akikaanga karanga. Tata Mulumba hakuketi. Alisema yote kwa mkupuo, kuanzia mstari wa tisa hadi ukanda wa telex, bila kujitetea, ila alipofika kwenye neno shaba ikabidi aanze upya.

Bilonda alimsikiliza hadi mwisho. Hakushangaa, na hilo lilimtia baba yake hofu kuliko kelele.

"Tata, mi nilijuaka," akasema. "Mwezi wa kwanza nilitafuta carbone ku tiroir ya meza yenu, nikaona kopi."

"Uliona? Na ju nini haukusema?"

"Ningesema nini? Mutu yote wa Kolwezi anakulaka juu ya demande mulitengeneza. Nikazania, tata anajua Bazungu kuniko mi. Kama banataka cuivre, basi nitajifunza cuivre."

Na kweli alijifunza. Miezi mitano taa ya chumbani kwake ilikuwa inawaka kwa ajili ya shaba, kitu asichokipenda, kwa sababu alimwamini baba. Tata Mulumba alikuwa ameiona taa hiyo kila siku na kujisifu kimoyomoyo kwamba ana mtoto mwenye bidii.

Akamwambia si kitu, sasa yote yamekwisha kunyooka, alete madaftari, wayafunge vizuri. Bilonda hakuinuka. Aligeuza macho taratibu, akamtazama mama yake, na Ntumba akaacha kukoroga karanga.

"Ile makaye?" Ntumba akasema. "Ile ulinipatia ya kufungia?"

Soko zima lilikosa karatasi mwaka ule. Mwezi wa pili mama aliomba karatasi ya kufungia karanga, na binti, ambaye alikuwa ameona kwa macho yake kwamba hata baba anaona haya kwa ajili ya madaftari yale, akampa. Kwanza mawili, kisha mengine, hadi yakaisha. Mémoire ilikuwa na jumla tu na wastani wa kila mwezi. Siku zenyewe, makopo yenyewe, yalikuwa ndani ya madaftari, na madaftari yalikuwa yameondoka ukurasa kwa ukurasa, yamezungushwa pembe, yamejazwa karanga, yakatupwa Kolwezi nzima.

Tata Mulumba aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Karatasi ya Jumatatu ilikuwamo bado, na ya Jumanne, na nyingine tatu, zimefinyangwa, zina mafuta. Alivaa miwani akafungua moja. Mwandiko mdogo uliolala upande. Tarehe 12 Machi, siku nane kabla ya mshahara, Mama Mbombo, kopo limesawazishwa. Mama Elise, kopo la kitako. Kila asubuhi ya Mungu alikuwa amekula kutoka ndani ya kazi ya mwanawe, akapangusa vidole kwa kazi hiyohiyo, asisome, yeye anayesoma barua za watu wote.

Ntumba hakupiga kelele. Alimtazama mumewe, akasema kwa upole uliomwumiza: "Na Bazungu banakulaka, Mulumba. Ulizania banakulaka cuivre?"

Jumamosi, badala ya kwenda kwenye kazi ya lazima ya salongo kufyeka nyasi na wenzake, Tata Mulumba alikwenda sokoni kwa koti lake na tai. Alipita meza hadi meza akiomba pembe za karatasi. Wanawake wengine walicheka. Mama Mbombo hakucheka, alimsaidia, akatuma habari upande wa mihogo ya Sandoa na upande wa samaki. Mulumba aliokota chini ya meza, kwenye mitaro, mbele ya baa. Alinunua karanga asizozitaka ili apate karatasi. Mtu mmoja aliyempatia kazi zamani alimkuta ameinama kwenye jalala, akageuza njia ili asimwaibishe. Jioni alikuwa na kurasa arobaini na tatu, katika zaidi ya elfu moja. Alizitandaza juu ya meza ya nyumbani, akazibana kwa mikono yote miwili moja moja, na mafuta yalikuwa yamekula tarakimu nyingi.

Ndipo wazo likamjia, na aliliona kuwa wokovu. Alimwita Bilonda akamwambia kwa sauti ya chini kwamba tarakimu zinajulikana jinsi zinavyokwenda. Wastani upo ndani ya mémoire. Yeye angekaa kwenye mashine leo na kesho, apige chapa siku zote za miaka mitatu, Mama Mbombo hapa, Mama Elise pale, hakuna Mzungu ambaye angejua.

"Mi nitaitengeneza, mama. Nitaitengeneza muzuri."

"Hapana, tata." Bilonda aliweka mkono juu ya mkono wake, nao ulikuwa mkono baridi. "Musitengeneze tena kitu."

Jumapili, wengine walipokwenda kanisani, Bilonda alibaki akaandika barua yake. Aliiandika kwa mkono kama ilivyotakiwa, kurasa mbili, akaifunga pamoja na zile kurasa arobaini na tatu, akalamba bahasha mwenyewe. Hakumpa baba aisome. Baba hakuomba. Jumatatu aliipeleka yeye mwenyewe kwa Sista Laurentine, na Tata Mulumba alimwona anapita mbele ya dirisha la ofisi na bahasha kifuani, akatamani kujua kilichomo kama mtu mwenye kiu anavyotamani maji.

Zikafuata wiki mbili za kuishi roho juu. Kila mlango wa ofisi ulipofunguliwa aliinuka nusu. Alifanya makosa kwenye barua rahisi. Alikwenda misa ya asubuhi, yeye aliyekuwa mtu wa Jumapili tu, akamwahidi Mungu mambo ambayo hakuwa na uwezo nayo.

Jumanne, tarehe ishirini na tano, Kalenga alimpa ukanda wa telex umekunjwa. Hakumtazama usoni. Tata Mulumba alishika karatasi ile njia nzima hadi nyumbani bila kuifungua, na haikuwa rahisi. Mara mbili kidole gumba kiliingia kwenye mkunjo chenyewe, mara mbili akakitoa.

Bilonda aliisoma amesimama. Kisha akaisoma kwa sauti, kwa sababu baba aliomba, akiitafsiri polepole ili mama naye aelewe. Kamati inashukuru. Kurasa zilizopokelewa ni za thamani na ni za kweli. Lakini mwombaji anakiri katika barua yake kwamba yeye mwenyewe aliuacha uwanja wake mwezi Januari, akaandika shaba kwa kuona ndiyo itakayompatia nafasi, na akaachia madaftari yake yapotee. Kamati inamhitaji mtu ambaye nia yake haiyumbi. Nafasi imepewa mwombaji mwingine.

Tata Mulumba alidhani amesikia vibaya, akamwomba arudie ule mstari wa katikati, naye akarudia.

"Uliandika ni wee?" akasema. "Bilonda. Uliandika kama ni wee njo ulibadilisha?"

"Sasa ningeandika nini, tata?"

"Ungeandika ni mi. Ile njo kweli. Bangekupokea."

Bilonda aliukunja ukanda ule mara mbili, tatu, hadi ukawa mdogo sana. Macho yake yalikuwa makavu, na baba yake angetoa chochote yawe na machozi.

"Batu bale habakujue," akasema. "Ningewaambia namna gani tata yangu, mara ya kwanza banasikia jina yake, kama ni mutu wa kuharibu? Mutoto haandikake vile."

Hakuna aliyemfundisha kitu hicho ila yeye Mulumba mwenyewe na mama yake, tangu akiwa mdogo, kwamba aibu ya mzazi haitoki nje ya ua. Alitaka kumwambia kwamba alikosea. Alitaka kumwambia kwamba kwa barua moja tu, kwa mstari mmoja, alitakiwa kumsahau baba yake. Akajiona mzee na mjinga na mwenye kupendwa kupita alivyostahili, na moyo ulimwuma kana kwamba unapasuka.

Bilonda alirudi kwenye mitihani yake iliyokuwa inamngoja mezani. Ntumba alisogeza kikaango, akatafuta karatasi ya kufungia karanga za kesho, akakumbuka hakuna, akakaa.

Asubuhi iliyofuata mtu wa Mashamba aitwaye Mwenze alimngoja Tata Mulumba mlangoni mwa ofisi, kofia mkononi, na demande aliyoiandika mwenyewe. Alieleza kwamba anapenda kazi ya kuchomelea vyuma, na kwamba ana watoto watano. Tata Mulumba aliweka karatasi kwenye mashine, akavaa miwani, akapiga chapa kila neno kama lilivyoandikwa.